Namba Tatu Anarudisha Nyuma

Mpui, 20 Februari 1996

Mpwa wangu Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku sisi ni wazima. Mama yako ni mzima pia. Mgongo unamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne unamwachia. Mvua ni nzuri na mahindi yamefika kiunoni. Mbolea ya mwaka huu haikuletwa na ushirika. Imeletwa na mtu mwenye lori, na bei anaijua yeye. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa dume. Waumini wote wa kigango wanakusalimu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Jumapili nilimaliza ibada mapema nikaenda kwa Mboje kusikiliza mechi. Unamkumbuka Mboje, yule Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake. Redio yake haikosi betri. Mtangazaji alikutaja mara kumi na moja, nilihesabu kwa punje za maharage. Mara tisa alisema, "Flavian, anarudisha nyuma kwa kipa." Mara moja ulirusha. Mara moja ulikuwa unakunywa maji.

Mimi ndiye niliyekufundisha namba tatu, kwenye ule uwanja wa shule wenye mteremko. Beki wa kushoto akipata mpira anainua kichwa, anatazama mbele, anapanda na winga wake. Ndivyo tulivyocheza sisi timu ya wilaya, tena pekupeku. Lakini sikulaumu peke yako. Timu nzima ya taifa inacheza kama watu waliosahau kitu nyumbani. Namba tano anampa namba nne, namba nne anampa kipa, kipa anabutua juu, mpira unamwangukia adui, tunaanza upya.

Mboje hana habari na mpira, alikuwa anakamua. Aliposikia "nyuma, nyuma" imezidi akaniuliza, "Katekista, hao mbele yao kuna nini? Maana ng'ombe wakirudi nyuma wote kwa pamoja, ujue mbele kuna simba."

Naomba unijibu wewe uliye uwanjani.

Mimi mjomba wako,
Oswaldi


Dar es Salaam, 14 Machi 1996

Mjomba, shikamoo.

Milele na milele, amina. Mimi ni mzima kabisa. Joto la huku ni lile lile. Nimempa Yonas wa mahindi kifurushi alete na lori lake: kitenge cha mama, na koti la mitumba lako. Koti ni zito, linafaa baridi ya Juni. Lina maandishi mgongoni, sijui yanasemaje, lakini vifungo vyote vipo.

Huku kazini mambo yamebadilika. Shirika letu limepata mnunuzi. Wamepunguza watu mia mbili: makarani, mafundi, hata mpishi wa kantini. Sisi wachezaji tumebakizwa, kwa kuwa mnunuzi anapenda mpira, na mimi nikicheza timu ya taifa jina la shirika linatajwa redioni. Kwa hiyo mwambie mama asiwe na wasiwasi.

Kuhusu swali lako. Mwalimu wetu wa timu alisomea nje miezi minane. Anasema mpira ukiwa kwetu mpinzani hawezi kufunga. Ndiyo maelekezo.

Nimalizie hapa, mazoezi yanaanza. Narudia kusema mimi ni mzima.

Mpwa wako,
Flavian


Mpui, 2 Aprili 1996

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kifurushi kimefika. Mama yako amekitia kitenge sandukuni, anasema atakivaa siku ikija, siku gani hakusema. Koti limenienea. Padre amenisomea maandishi: ni la wazima moto wa mji fulani wa Ulaya. Nimeanza kulivaa na watu wananipisha njiani.

Niko katika pilika za Juma Kuu. Nina wakatekumeni kumi na tisa wa kubatizwa Pasaka, na wawili bado hawajajua Nasadiki.

Maneno ya mwalimu wako nimeyasoma mara tatu. Ni ya kweli. Mpira ukiwa kwetu mpinzani hafungi. Nasi pia hatufungi. Watu wanalipa kiingilio, wanatazama nyasi, wanarudi makwao.

Nimeambatanisha mchoro. Duara ni wachezaji, mishale ni mpira. Utaona kwamba mishale yote inakwenda mbele. Mpe mwalimu, umwambie umetoka kwa mtu aliyecheza namba nne tangu 1958 hadi 1966 na hakuwahi kufika nje hata Zambia, ingawa naiona karibu.

Pia umeandika mara mbili kwamba wewe ni mzima. Mara moja ilitosha.

Mjomba wako,
Oswaldi


Mpui, 25 Aprili 1996

Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko wazima. Pasaka ilipita vizuri, walibatizwa wote kumi na tisa.

Mechi ya Jumapili nimeisikiliza kilabuni, kwa sababu Mboje alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho. Dakika ya themanini na moja mtangazaji alisema, "Flavian anarudisha nyuma," kisha akasema, "Aaa!" Kisha akanyamaza. Kisha watu wa kilabuni wakanyamaza. Nimeelewa baadaye kwamba mpira haukufika kwa kipa. Mshambuliaji wao aliukuta njiani, akafunga. Moja bila. Wale majirani waliotufunga sitawataja humu.

Sina la kuongeza. Nilikuwa na mengi, nimeyafuta.

Mama yako anauliza siku hiyo asubuhi ulikula nini.

Jino langu moja la mbele limetoka. Ni umri. Tena kuanzia Jumapili hii nina nafasi, kwa hiyo nitapalilia maharage.

Oswaldi


Mpui, 30 Mei 1996

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujapata barua yako tangu Machi. Posta Sumbawanga wanasema barua za Dar zinafika, zinakuja kila basi la pili. Nimekwenda mwenyewe mara mbili nikaona mfuko ukifunguliwa.

Ulezi tumevuna. Baridi imeanza. Mama yako anakwenda sokoni siku hizi asubuhi sana, kabla watu hawajawa wengi.

Leo sikuandikii mpira. Naomba tu kujua kama upo.

Oswaldi


Dar es Salaam, 16 Juni 1996

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Niliandika barua tatu nikazichana.

Yonas alikuja wiki iliyopita na lori. Tulikula pamoja. Nilimuuliza, "Mjomba hajambo?" Akasema, "Hajambo, ila jino." Nikamwambia, "Ameniandikia, ni umri." Yonas akacheka hadi akaweka kijiko chini.

Amenieleza yote. Kwamba siku ya mechi, pale kilabuni, Adolfu fundi cherehani alisimama akasema mpira ule nimeuza, kwamba mtu wa Mpui amekula hela ya majirani akauza nchi. Kwamba ulimwambia arudie. Akarudia. Kwamba uliyeanza kupigana ni wewe. Na kwamba Padre amekusimamisha ukatekista miezi minne, anasafiri kutoka parokiani kuja kuendesha ibada mwenyewe, na wewe unakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Jumapili zote wewe na maharage, kumbe ndiyo hayo.

Mjomba, mbona hukuniambia? Kwenye barua unaniandikia kama vile miguu yangu imekuletea aibu. Kilabuni unang'olewa jino kwa ajili ya miguu hiyo hiyo. Sasa nishike lipi?

Na mama anakwenda sokoni alfajiri kwa sababu yangu. Hilo sikuambiwa na Yonas, nimelielewa mwenyewe.

Sikuuza, mjomba. Naapa kwa kaburi la baba. Hakuna mtu aliyenipa hata soda. Mpira ule nilitaka ufike, haukufika. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na nakuomba usiniulize.

Flavian


Mpui, 14 Julai 1996

Mpwa wangu Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama yako ni mzima. Tumevuna magunia thelathini na tatu, panya wameona pia.

Yonas huzidisha mambo. Sikumpiga Adolfu. Nilimsukuma, naye alikuwa amesimama karibu na mtungi wa pombe. Mambo mengine yalifuata yenyewe.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita nilipanda lori la mahindi kwenda Sumbawanga kununua dawa ya kuhifadhi nafaka. Nyuma ya soko pana banda la video, wanaonyesha watu wa karate. Nje walikuwa wameandika kwa chaki: LEO MPIRA, STARS NA MAJIRANI. Ni mechi ile ya Aprili, mtu aliirekodi Dar kwenye kanda, imezunguka mikoa yote sasa imetufikia. Nikaingia. Mzee nilikuwa peke yangu. Nikakaa benchi la mbele na lile koti langu, hadi wakaniomba niilaze kola.

Miaka yote nimesikiliza mpira kwa masikio. Sijawahi kukuona ukicheza tangu ulipoondoka Mpui ukiwa na miaka kumi na tisa.

Dakika ya nne nilianza kuona. Ukipewa mpira unakuwa umesimama kwa mguu wa kulia. Wa kushoto unaugusisha chini kama mtu anayepima maji ya mto. Winga wako anapanda, anakupungia mkono, nawe unatazama mbele, Flavian. Unainua kichwa kama nilivyokufundisha. Unatazama mbele kabisa, kisha unautazama mguu, kisha unarudisha. Na mpira ukiwa mbali, watu wote wakitazama golini, wewe unainama na kulishika goti kwa mikono miwili.

Wenzako nao walirudisha. Wao sijui wana sababu gani.

Lilipofika bao nilimwomba mwenye banda airudishe kanda. Akairudisha mara tatu. Vijana wakaanza kupiga kelele wanataka karate. Mara ya tatu niliona uzito ulipokwenda kwenye goti na goti lilivyokataa. Nikatoka nje. Dawa ya nafaka nilisahau, imebidi nirudi Jumatano.

Nimekuandikia mengi kuhusu mpira mwaka huu. Sikukuuliza hata mara moja kama kuna kinachokuuma. Najua umeniomba nisiulize. Nauliza.

Tangu lini?

Mjomba wako


Dar es Salaam, 4 Agosti 1996

Mjomba, shikamoo.

Tangu Novemba. Mazoezini, niliingiza mguu kwenye shimo la bomba la kumwagilia nyasi. Nilisikia kitu kikikatika kama ukuni mbichi. Nilimwambia daktari wa timu nimekanyaga vibaya tu. Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilikuwa imebandikwa wiki ile ile, mjomba. Mpishi wa kantini alikuwa amesimama mbele yake akisoma jina lake kwa kidole. Mchezaji wa goti bovu ni karani asiyejua kuandika. Kuna jamaa Kariakoo anachoma sindano ya ganzi, nikawa namwendea kabla ya kila mechi. Inatosha dakika sitini. Bao lile lilikuwa la dakika ya themanini na moja.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa timu. Nilimkuta anahesabu jezi.

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi goti langu limekufa. Tangu Novemba siwezi kupiga pasi ya mbele."

Akaweka jezi chini. "Tangu Novemba?"

"Ndiyo."

"Mechi tano?"

"Sita."

Akasema, "Mimi nilidhani unafuata maelekezo."

Mjomba, sikujua nicheke au nilie. Alisema pia kwamba kwenye kikao aliwahi kunitolea mfano kwa wenzangu.

Basi nimetolewa kikosini. Juzi shirika nalo limeniandikia, barua ya mistari minne, wananishukuru kwa utumishi. Hospitali wamenipiga picha. Wanasema mshipa umekatika na nyama ya ndani imesagika, watapasua tarehe 17 Septemba. Daktari hakuahidi kitu. Naogopa, mjomba. Sijawahi kulazwa hata siku moja.

Usimwambie mama.

Flavian


Mpui, 25 Agosti 1996

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimemwambia mama yako. Alikuwa anapepeta ulezi. Alisikiliza hadi mwisho, akamaliza kupepeta ungo ule, akaingia ndani akatoka amevaa kile kitenge. Akaenda sokoni saa tano mchana, watu wakiwa wamejaa, akapita katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi bila kununua kitu.

Jumapili tulisikiliza mechi ya kwanza bila wewe. Namba tatu mpya anaitwa Isdori. Alirudisha mpira kwa kipa mara kumi na nne. Kwa hiyo tatizo halikuwa wewe. Adolfu alikuwepo. Aliposikia ya kumi na nne aliagiza vikombe viwili vya pombe, kimoja akakisogeza upande wangu. Nilikunywa.

Padre alikuja jana kuniambia adhabu yangu imekwisha, Jumapili ijayo nirudi mbele. Nimemwambia asubiri, nina safari. Mahindi nimemwachia Yonas auze. Nitapanda basi hadi Tunduma, halafu treni. Dar sijawahi kufika, lakini naambiwa treni inaishia hapo hapo, kwa hiyo siwezi kupitiliza.

Tarehe 17 utakapotolewa chumba cha upasuaji utanikuta. Usinitafutie pa kulala. Nina koti.

Mjomba wako,
Oswaldi


Mpui, 20 Oktoba 1996

Mpwa wangu Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilifika salama. Basi liliharibika Laela, tukalala hapo, abiria mmoja alikuwa na kuku wengi. Mama yako ni mzima. Nimemweleza habari za hospitali, wauguzi, na bahari, ambayo ni kubwa kama ulivyosema. Ziwa letu pale Kipili mtu unaona milima ya Kongo ng'ambo, ile haina ng'ambo.

Endelea kukunja na kukunjua goti asubuhi na jioni kama walivyosema, hata likiuma.

Mechi tuliyoiona tarehe 6 uwanjani sikuielezea sana huku. Mama yako anauliza kila siku ilikuwaje. Namwambia tulikaa tukaangalia. Adolfu pia ameuliza, nikamjibu hivyo hivyo. Mchezo wenyewe ulikuwa mbaya. Sioni haja ya maneno mengi.

Oswaldi


Dar es Salaam, 8 Novemba 1996

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo pia, maana najua mjomba anakusomea.

Natembea kwa gongo moja sasa. Daktari ameshasema: nitatembea, nitalima, nitapanda ngazi, mpira basi. Nililia siku mbili, ya tatu nikafua nguo. Yonas amenipa kazi ya kusimamia mzigo wake wa mahindi huku mjini, na Krismasi nitakuja naye kwenye lori. Mwambieni Adolfu nakuja, na nitakaa pale kilabuni, aniulize mwenyewe anachotaka.

Mjomba, sehemu inayofuata umsomee mama yote, usiruke.

Mama, tulikaa upande wa jua, Uwanja wa Taifa, mimi na magongo yangu mawili. Timu ilicheza vilevile. Dakika ishirini za kwanza sidhani kama mpira ulivuka mstari wa kati kwa nia njema. Mjomba alikaa mikono magotini, kama yuko kanisani. Watu walikuwa wamemkalia kooni Isdori, yule namba tatu mpya. Kila akigusa mpira wanazomea. Akarudisha tena kwa kipa, na jamaa mmoja nyuma yetu, mwenye fulana ya njano, akasimama kwenye benchi akapiga kelele, "Namba tatu kauza! Mtoeni! Kauza mechi huyo!"

Mjomba akageuka. Nikamshika mkono nikijua yaliyotokea Mpui. Akautoa mkono wangu polepole, akainuka.

"Kijana," akasema, "umemtazama miguu?"

"Miguu ina nini?"

"Sijui. Wewe unajua?"

"Mzee, si unaona anarudisha nyuma?"

"Naona. Mimi nimelalamikia mpira wa nyuma kuliko wewe, nimeandika hadi na michoro. Lakini hujui mtu huyo ameamkaje leo. Mtoto wa watu mwache acheze."

Watu wakacheka. Yule jamaa akashuka kwenye benchi, akauliza, sasa kwa adabu, "Kwani mzee, yule ni mwanao?"

Mjomba akatazama uwanjani. Isdori alikuwa amesimama peke yake pembeni, anavuta soksi.

"Ndiyo," akasema. Akakaa.

Jamaa akasema, "Samahani, mzee," na hakuzomea tena hadi mpira ulipokwisha.

Mama, Isdori ni mtu wa Tabora, na baba yake yu hai, ana duka la baiskeli. Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando ya mjomba, na sikumsahihisha.

Mwanenu,
Flavian